Kumvika Herode

Nimetumwa na kwaya na elfu thelathini
ndani ya bahasha ya sadaka iliyoandikwa MAVAZI.
Mamajusi watatu, malaika mmoja, mfalme mmoja mbaya.
Wachungaji watajitegemea, kila nyumba ina shuka.

Memorial, saa moja na robo asubuhi.
Mlima haujatoka
na hakuna aliyeinua shingo kuutafuta.
Moshi nzima imeinama, inatazama belo.

Kisu kinapita kwenye mkanda wa plastiki,
belo linashusha pumzi,
harufu ya dawa ya nondo na kabati za watu wengine,
nasi tunaingiza mikono hadi viwiko
kama tunaomzalisha ng'ombe.
"Jero jero! Buku buku!
Mama, usichague kwa macho, chagua kwa mkono!"
Huyo ni Kisaka. Ananijua vizuri, hiyo ndiyo hasara yangu.

Mama mdogo alinifundisha:
ukikipenda kitu, shika cha jirani yake.
Uliza bei ya koti la kijivu. Nuna.
Geuza mishono. Kohoa.
Kisha, kama mtu aliyekumbuka deni dogo,
"Na hiki kitambaa je?"

Hiki kitambaa kilikuwa blauzi ya kike,
zambarau, vimeta vya dhahabu kifua kizima,
mabega yamejazwa sponji hata inasimama yenyewe.
Pale pale nikamwona Herode.

"Kumi na tano."
"Kisaka, mwanangu, ni ya kuchinjia watoto wa Bethlehemu,
si ya send-off."
Akafikiri. "Basi kumi na mbili. Kuchinja ni jioni moja tu."
Tukafika saba, na mkanda juu.

Pazia la hoteli likatoa majusi wawili.
Wa tatu nilimpatia joho la kuogea, bluu, zito,
na ndani ya kola, kwa uzi mwekundu,
mtu mvumilivu alishona jina: I. Lindqvist.
Walikuwa wangapi kwenye nyumba ile
hata joho lihitaji jina?
Nilibeba kiwembe cha kufumulia.
Nikakirudisha mkobani.

Kwa Mama Ndeonasia vito vimelala juu ya nailoni,
mikufu imefungana kama ndugu wenye kesi ya kihamba,
bangili, hereni zilizofiwa na wenzake.
Dhahabu ya mtoto Yesu: mia tatu.
Hadi nafika stendi kidole kimekuwa kijani.

Mzee Anaeli, aliyepima kahawa ya chama miaka thelathini na moja
na hakuwahi kumwibia mtu hata gramu,
aliishika blauzi kwa ncha za vidole.
"Nguo ya kuazima haisitiri..."
akaishia hapo, tulikuwa kanisani.
Haijaazimwa, mzee. Imenunuliwa.

Akaivaa juu ya shati.
Akajitazama kwenye kioo cha chumba cha mchungaji,
akayanyoosha mabega ambayo hayakuwa yake,
na kwa sauti tusiyoijua akasema,
"Waleteni."

Hakuna aliyecheka.
Mtoto wa mpiga kinanda alijificha nyuma ya madhabahu,
ikabidi tumtoe kwa biskuti.
Mzee mwenyewe alivua haraka, vifungo viwili vikakatika,
akaomba maji.

Majusi wa tatu anaingia akiburuta joho.
Kitabu kinasema walitoka mashariki.
Huyu wetu ametoka kaskazini, mbali sana,
na jina lake linamkwaruza shingoni.

Mahesabu nimeyaandika nyuma ya bahasha.
Mstari wa mwisho: hereni, za malaika, 1,500.
Malaika wetu ni Elinami, mvulana wa darasa la tano.
Mhazini alisoma, akasaini.
Jumapili nilizivaa, mawe ya kijani, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake,
nikakaa benchi la mbele, nikageuza shingo
kila nilipoitwa na hata nisipoitwa.